Siklorama ya mbao mu studio ya picha hapa Goma: vipimo, tripleksi, na ile fasi inapasukaga

Studio_Himbi

Jambo bandugu. Watu wengi wananiandikia mu mesaji juu ya ule ukuta mweupe wa studio, ule hauna kona, mutu anasimama pale unaona kama nyuma yake hakuna mwisho. Nimeona niandike yote hapa fasi moja, na mamenuizye na mamasoni wakuye waseme yao pia, juu hii kazi si ya mupiga picha peke yake.

Jina lake siklorama, sisi wa studio tunasema siklo tu. Pale ukuta unakutana na chini hakuna kona, kuna mukunjo. Kona njo inaleta ule mustari wa giza nyuma ya miguu ya mutu, na ule mustari hata uuangazie namna gani haupotei. Mukunjo unafanya mwanga ubadilike polepole kutoka ukuta mpaka chini, jicho halipate fasi ya kushika. Ni hicho tu, lakini kukifikia ni kazi.

Mbele ya kununua hata musumari, pima chumba. Na usipime upana kwanza, pima urefu wa kwenda nyuma, huo njo unaamua. Chukua mfano wa kamera ya ful-fremu, ile ya sensa kubwa, na lensi ya milimita 50, unataka mutu mzima kuanzia kichwa mpaka viatu, kamera umeisimamisha wima. Unahitaji uone urefu wa kama mita 2 na nusu, kwa hiyo wewe unasimama mita 3 na nusu mbele yake. Alafu mutu mwenyewe lazima awe mbali na ukuta, mimi naweka mita 2 na nusu, juu akikaribia sana kivuli chake kinaenda kulala pale nyuma, na mwanga mweupe wa ukuta unamurudilia mu mashavu na mu nywele. Ukijumlisha ni mita 6, ongeza moja ya mugongo wako na trepie, ni 7. Ukitumia lensi ya 85 pale kwa mutu tu unahitaji karibu mita 6, mbele hujahesabu ukuta. Na wenye kamera ya sensa ndogo, zile za APS-C, lensi ya 50 kwenu inahitaji kama mita 5 na nusu kwa mutu mzima. Kuna watu walijenga siklo nzuri sana mu chumba kifupi, sasa wanapiga paka picha za kifuani na mukunjo hauonekane hata siku moja. Feza imelala pale chini.

Upana sasa. Kwa mita zile 6 na lensi ya 50, kamera ikiwa wima unaona upana wa karibu mita 2.9 kule ukutani. Ukiilalisha kwa picha ya familia unaona 4.3. Kwa hiyo mimi nilichukua mita 4.88, na hiyo namba haikutoka hewani: ni tripleksi mbili za 2.44 zikipangwa kwa urefu. Ukipanga kazi yako kufuata kipimo cha tripleksi unakata kidogo na unatupa kidogo.

Mukunjo wenyewe una ukubwa gani? Hapa njo watu wanaharibu. Wanafanya mukunjo wa sentimita 30, na kwenye picha unaona tu kona iliyonona. Ukitaka upotee kweli panda sentimita 60 na zaidi, hata mita moja kama chumba kinakubali. Yangu ni 77. Juu ya nini 77? Robo ya duara urefu wake ni nusu-kipenyo mara 1.57, kwa hiyo 77 inatoa 121, na tripleksi ina upana wa 122. Shiti moja inafunika mukunjo wote kutoka ukuta mpaka chini bila jointi ya kulala, unabakiwa na sentimita moja ya kunyoosha. Jointi ya kulala katikati ya mukunjo ni kitu ya kukimbia, kila taa ya pembeni itaionyesha.

Mifupa yake: unachukua tripleksi nzito ya milimita 18, unapiga musumari fasi moja, unafunga kamba (usitumie ya nailoni, inavutika, chukua waya mwembamba) ya sentimita 77 na kalamu mwisho, unachora robo ya duara, unakata. Kile kinabaki nje ya ile robo ya duara njo mubavu. Ukikata mubavu wa kwanza vizuri, huo njo unakuwa gabari ya kuchora zote zingine, usirudi kwa kamba. Mimi niliziweka kila sentimita 30 na nusu, kwa upana wa 4.88 zinakuwa 17. Menuizye aliniambia 40 inatosha na kwa ukuta wa kuangalia tu ni kweli inatosha, lakini huu ukuta watu wanaukanyaga.

Ngozi ya juu ni tripleksi nyembamba, milimita 3 au 4, mara mbili. Ya kwanza unaikunja na kuifunga na visi kwa mbavu, ya pili unaipanga jointi zisikutane na zile za kwanza: chini una shiti mbili nzima, juu unaanza na nusu, unaweka nzima katikati, unamaliza na nusu. Kati ya ngozi na ngozi unapaka kola ya mbao, isipokuwa fasi moja ntaisema nikifika kwa mambo ya bayeri, yani mwenye nyumba.

Sasa ile fasi inapasukaga. Ni pale chini kabisa, pale mukunjo unamalizika na sakafu inaanza. Mbavu pale zinakuwa nyembamba mpaka zinafika sifuri, tripleksi inabaki na kangazi ka milimita kadhaa juu ya sima, na wengi wanajaza mastiki na kuisugua mpaka iwe sawa. Siku ya kwanza inapendeza. Kiisha watu kupita pale, mastiki ile nyembamba inavunjika kipande kipande na una mustari wa kijivu wa mita 4 mu kila picha. Dawa yake si mastiki bora, dawa ni kuinua sakafu. Unalaza tripleksi ya 18 chini mbele ya siklo, mita 3 hivi kuja kwako, na mbavu zako usizikate zimalizike kwa sifuri, uziache na kisigino cha urefu sawa na ile sakafu ukitoa ngozi. Ngozi ya mukunjo inakutana na ubao wa sakafu uso kwa uso, zote zimefungwa juu ya mbao moja ya chini yao. Ile jointi ukiipaka tepi ya nyavu na mastiki inakaa. Kama unachukua kitu kimoja tu mu huu uzi, chukua hicho.

---

Mwana_Katindo

Yaya aksanti sana, hii ni shule. Mimi chumba changu ni mita 4 kwa 5, na plafo iko 2.80. Niache kabisa?

---

Studio_Himbi

Usiache, ila usijenge ya mbao. Kwa mita 5 tumia lensi ya 35: mutu mzima anaingia ukiwa mita 2.4 tu, unamuweka mita 1.6 mbele ya ukuta, unabakiwa na mita moja ya kusimama. Kule nyuma utaona upana wa kama 2.75. Ile karatasi ya rolo ya studio ina upana wa 2.72, kwa hiyo inakutosha, unakata kidogo tu pembeni kwenye kompyuta. Unaitundika juu unaiacha ijikunje yenyewe mpaka chini, ikichafuka unakata kipande unavuta mupya. Mukunjo wa kujenga ungekula sentimita 77 za chumba chako na usingekurudishia kitu. Ujue tu lensi ya 35 ukiinama sana miguu inakuwa mirefu na kichwa kidogo, weka kamera kwa urefu wa tumbo la mutu.

Na plafo ya 2.80 isikuogopeshe. Hata kwangu, lensi ya 50 kamera ikiwa mita moja kutoka chini inaona mpaka zaidi ya mita 3 kule ukutani, kwa hiyo mustari wa plafo unaingia juu ya picha. Rangi ya plafo ikiwa nyeupe ileile, kuufuta ni kazi ya dakika.

---

Masoni_Majengo

Dada nakuheshimu lakini mbao ni ya kupita. Siklo ni sima. Unajaza kona na mawe madogo ya volkano, yako bure kila fasi hapa kwetu, unaweka waya wa nyavu juu, unatupa mota ya kwanza nzito, unaacha ishike, alafu unakata gabari ya ubao yenye ule mukunjo, unaifunga reli mbili, moja chini moja ukutani, unaivuta kutoka huku mpaka kule. Gabari inakula paka kile kinazidi. Unavuta, unaongeza mota mwepesi fasi yenye shimo, unavuta tena. Mwisho unapitisha taloshi na maji. Pikipiki inaweza kupanda pale, na gari ukitaka kulipiga picha. Hakuna mbavu, hakuna visi, hakuna tripleksi ya kuvimba.

---

Studio_Himbi

Papa Masoni karibu, na namna ya gabari umeieleza vizuri kunipita. Kwa mwenye nyumba yake, chini kabisa, sakafu iko juu ya lava yenyewe, na anapiga picha za pikipiki na magari, sikatai, sima ni bora. Niongezee tu kwa wasomaji: usipake rangi mbele ya wiki 4, sima bichi ina chumvi na maji, rangi inanyanyuka maganda maganda.

Lakini mimi nina sababu mbili. Ya kwanza wote tunaijua. Kiisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 ardhi iliendelea kutikisika siku na siku, kuta za mawe zilichanika mu mji mzima. Ukuta wa sima umeshikana na nyumba: nyumba ikienda huku na siklo inaenda, na ufa unaanzia pale mota ya mukunjo ilikutana na ukuta wa zamani, juu hazikukauka pamoja. Siklo ya mbao mimi niliisimamisha juu ya fremu yake, kati yake na ukuta wa nyumba kuna vidole viwili vya hewa. Nyumba ikitikisika kila kitu kinatikisika kwa njia yake.

Ya pili ni bayeri. Wengi wetu humu tunalipa kodi. Bayeri akisema nyumba inauzwa, ya sima unamuachia. Ya mbao unaikata nusu kwa nusu. Njo maana nilisema kola iko fasi isipofika: ile shiti nzima ya katikati ya ngozi ya pili inapita juu ya jointi kubwa, ile haipakwe kola, visi tu. Siku ya kuhama unakwangua mastiki ya pembeni zake, unafungua visi, inatoka, na siklo inakuwa vipande viwili vya mita 2.44. Mubavu wa katikati basi uwe mbili zimesimama bega kwa bega, kila nusu iondoke na wake. Chukudu mbili na vijana wanne, imefika.

---

Masoni_Majengo

Kwa bayeri umenishinda. Ile ya kutikisika pia nakubali kidogo.

---

Menuizye_Ndosho

Niongeze ya kwetu. Tripleksi haikunjike sawa pande zote. Angalia nyuzi za uso wake, kawaida zinakimbia kufuata ule urefu wa 2.44. Ukiilaza kwa urefu kando ya ukuta na kuikunja upande wa 1.22, inakubali vizuri kabisa, sawa tumbo la mutumbwi. Ukiisimamisha na kutaka kuikunja kwa urefu itakusumbua, na ile ya 4 itakupasukia mukononi. Kama bado ni ngumu, pitisha kitambaa cha maji vuguvugu upande wa nje wa mukunjo, yani ule unaenda kutanuka, ngoja kidogo, alafu kunja polepole watu wawili, anzeni kufunga juu kwa ukuta mushuke chini. Msianzie katikati. Na mukiilowesha muiache ikauke pale kwa mbavu mbele ya kola, kola haishikake mbao yenye maji.

Kwa fremu watu wananunua mukaratusi mubichi juu ni bei nafuu. Mukaratusi mubichi unajipinda ukikauka, na ukishajipinda siklo yako inakuwa na mawimbi hata kama mbavu zilikatwa na malaika. Chukua mbao zilizokauka, hata za zamani zilizotolewa mu nyumba iliyobomolewa, hizo zimeshamaliza kujipinda. Mvua ya hapa mnaijua. Angalieni mabati juu ya siklo mbele ya kuanza, tone moja la maji kila usiku linatosha kufungua tripleksi mbili ukaona tumbo limetoka.

---

Studio_Himbi

Ya nyuzi za uso watu waisome mara mbili. Na mukubwa umesema mawimbi: namna ya kuyatafuta ni taa. Usiku, zima zote, chukua taa moja ya mukono uilalishe kabisa kwa ukuta, mwanga upite unaparuza. Kila kinundu kinatupa kivuli, kila shimo linaonekana jeusi. Unazungushia kalamu, unajaza mastiki nyembamba, ikikauka unasugua na papye emeri iliyofungwa kwa ubao mrefu wa kukunjika kidogo (ukisugua na mukono mutupu vidole vinachimba), unarudisha taa. Mastiki nyembamba mara nyingi ni bora kuliko nzito mara moja, ile nzito inakauka na kuzama. Hapa usiharakishe hata kama kliya anakungojea mulangoni, kazi yote ya siklo inaonekana hapa.

---

Dada_Kamera

Mimi kliya wangu wengi ni mabibi arusi, na wanakuya na viatu vya talo ndefu. Tripleksi ya 3 itabeba? Alafu nataka kona ya pembeni pia ikunjike, upande mumoja, ili nipige na ile robe ndefu ikitandazwa.

---

Studio_Himbi

Dada, ya 3 peke yake haibebe, talo inaingia kama sindano. Ndio maana ni mbili na kola, na mbavu kila 30 na nusu. Hata hivyo mukunjo si wa kupanda. Watu wasimame kwenye sakafu ya 18, na ile robe ndefu njo ipande mukunjo, inapendeza hata zaidi. Mutoto au manekeni akitaka kuegemea, aegemee juu kwa ukuta ulionyooka.

Kona ya pembeni ni kitu kingine kabisa. Ukuta kwa ukuta unakunja kwa wima, hiyo ni rahisi, ni mbavu zilezile zimelazwa. Shida ni pale chini ambapo kuta mbili na sakafu vinakutana: pale ni kipande cha mupira, kinakunjika pande mbili kwa wakati moja, na tripleksi haikubali hiyo hata ukiiomba. Kuna wanaokata vipande vya pembe tatu vyembamba, upana wa vidole vinne, wanavipanga vyote vikielekea fasi moja kule chini kwenye kona, alafu wanajaza kati. Inawezekana, ila ni mastiki mingi. Mimi nilitafuta mutu wa stafu, wale wanaofanyaga plafo za plasta zenye maua. Wale wanajua kumwaga plasta na nyuzi mu moule. Alitengeneza kipande kizima cha ile kona chini, kikakauka, tukakifunga kwa mbavu na kuunga pembeni. Ukimwendea, mupelekee mubavu mumoja wa kwako kama gabari ili mukunjo wake na wako uwe ule ule, akikadiria kwa macho haitakutana.

Na jua kama hauna lazima nayo, iache. Ukuta mumoja na mukunjo wa chini vinatosha kwa kazi nyingi sana, hata ya robe.

---

Kadutu_Picha

Kutoka Bukavu. Mimi niko etaji, nyumba iko ku mulima, sakafu ni mbao, mutu akitembea inacheza kidogo. Ile jointi ya chini haitapasuka hata nikiinua sakafu?

---

Studio_Himbi

Kaka wa Bukavu, itapasuka kama sakafu yako mupya imefungwa kwa ile ya zamani na siklo imefungwa kwa ukuta, juu moja inacheza na ingine haichezi. Vifunge pamoja: fremu ya siklo na ubao wa sakafu viwe kitu kimoja juu ya shevro zilezile, kisimame juu ya sakafu ya zamani bila visi, na kisiguse ukuta. Kikicheza kicheze chote. Chini ya shevro weka vipande vya mupira wa kandambili au kapeti nzito, inasaidia. Na ya sima usifikirie hata kidogo kwa etaji ya mbao, uzito wake utaishia kwa jirani wa chini.

---

Lubum_85

Salama bakubwa ba Goma. Huku kwetu Lubumbashi shida ni muchwa. Mbao ikigusa chini inaliwa, unaona nje nzuri ndani ni udongo. Na kiangazi ile vumbi nyekundu inaingia kila fasi. Bantu beko banatuambia tupake oili ya zamani ya motere kwa mbao. Ni vizuri?

---

Menuizye_Ndosho

Oili ya zamani paka kwa miguu ya fremu tu, zile shevro za chini zenye kugusa sima, na uiache inyonywe vizuri mbele ya kupandisha mbavu. Isiguse tripleksi hata kidogo! Oili inatembea ndani ya mbao, inatokea juu ya rangi nyeupe kama madoa ya chai, utapaka na itarudi. Kwa muchwa wa kwenu mimi ningeinua fremu juu ya vipande vya chuma au matofali, ili uweze kuangaza tochi chini yake na kuona kama wameanza kujenga njia. Muchwa akionekana mapema anafukuzwa.

---

Studio_Himbi

Na kwa vumbi, nyekundu ya kwenu au nyeusi ya kwetu ni shida moja. Ya kwetu ni lava iliyosagwa na magari, ni kali, mutu akizungusha kiatu inakwaruza rangi. Mulangoni nina kitambaa kilicholoa na kapeti, kila mutu anafuta viatu, hata soli za viatu vya arusi ninazifuta mwenyewe. Siku bila kazi sakafu nyeupe inafunikwa na shitingi nzima, safi, ambayo haitumikake kwa kitu kingine.

---

Mutoto_wa_Birere

Naheshimu kazi yenu lakini naona tunapoteza kitu. Seydou Keïta kule Bamako alipiga picha mbele ya vitambaa vya maua, mu lupango, na mwanga wa jua, na dunia nzima inazitundika mu mamuze. Kitambaa kinasema mutu ni wa wapi. Siklo nyeupe inamutoa kwao inamuweka hakuna fasi.

---

Studio_Himbi

Ndugu yangu, umesema kitu ninachoamini pia. Picha za Keïta ni nzuri juu nguo ya mutu na kitambaa cha nyuma vinaongea pamoja, na yeye alijua kuvipanga. Studio yangu bado ina vitambaa na sitavitoa. Mama akikuya na watoto wake anataka ukumbusho, namuonyesha vitambaa kwanza.

Siklo ni ya kazi ingine. Mama anayeuza vikwembe na anataka kuonyesha michoro kumi na mitano kwa simu, akiviweka mbele ya maua mengine vinapigana, macho hayajui waangalie wapi. Kijana anayeshona makoti, mutu wa viatu, mutu wa viti vya mbao, hao wanataka kitu chao kionekane peke yake, na kesho apige kingine na vifanane. Zamani hizo kazi zilikuwa zinavuka mupaka. Ninataka zifanyikie hapa, na kijana wa hapa ajue kuzifanya. Na ile siklo si nyeupe tu: ukiacha kuiangazia, ukamuangazia mutu peke yake na kumusogeza mbele, ukuta unakuwa kijivu, ukimusogeza zaidi na kuziba mwanga unakaribia weusi. Rangi moja, fondi tatu, bila kununua kitu.

---

Dada_Kamera

Yaya swali la mwisho kwangu. Rangi gani, na unapaka namna gani isionyeshe njia za rolo? Na chumba changu pembeni kuna ukuta wa rangi ya machungwa, niuache?

---

Studio_Himbi

Uufunike huo wa machungwa, au uupake. Mwanga unaugonga unarudi kwa shavu la mutu, na hautaelewa juu ya nini kila bibi arusi ana upande mumoja wa machungwa. Kuta za pembeni bora nyeupe zenye mapazia meusi ya kuvuta, unachagua kila siku.

Rangi ni lateksi nyeupe isiyong'aa. Ile ya kung'aa au ya mafuta ni rahisi kufuta, najua, lakini kila taa yako utaiona ndani yake, na mukunjo wote ulioutolea jasho utaonekana kwa ile alama ya mwangaza. Anza na mukono wa kwanza umechanganywa na maji kidogo ili mbao na mastiki vinywe sawasawa, bila hivyo fasi ya mastiki inabaki na uso tofauti. Kiisha hapo mikono miwili, rolo ya manyoya mafupi. Juu ya mukunjo rolo ipite wima, uende kutoka ukuta mpaka chini bila kusimama katikati, mutu wa pili anafuata pembeni mbele rangi haijashika.

Nunua rangi yote siku moja na uangalie namba ya lo kwa kila kopo, ile inaonyesha zilitengenezwa pamoja, zifanane, alafu uzimimine zote mu ndoo moja kubwa uzichanganye. Nyeupe haziko sawa, moja inavuta bulu ingine njano, kwa macho haionekane, kamera inaona. Weka kopo moja la akiba limefungwa vizuri.

Kurudilia kupaka: chini kunachafuka, juu hapana. Lakini ukipaka sakafu tu na kusimama pale mukunjo unaanza, umejichorea mustari uleule tuliokuwa tunaukimbia. Paka sakafu na mukunjo wote mpaka pale ukuta unanyooka, na ule mwisho wa juu uumalize na rolo iliyobaki karibu kavu, bila kuikandamiza, ipotee yenyewe ndani ya rangi ya zamani. Fanya jioni, kiisha kliya wa mwisho, na mulango ufungwe mpaka asubuhi juu ya vumbi.